Skopu iliyotumika: nitajuaje kioo chake ni kizima?

Swali: "Assalam aleikum kaka. Mimi niko Shela ya Lamu, napeleka wageni kwa mashua mpaka Manda na kule nyuma ya mikoko, na siku hizi wengi wanauliza ndege. Nimepata skopu mbili, zile darubini za jicho moja za kusimamisha. Moja ni ya mzee wa Kizungu jirani yetu, anarudi kwao kabla ya masika, lenzi ya mbele ni ya 80 mm, zumu inakuza mara 20 mpaka 60, anataka elfu 90. Ya pili ni ya demo, yaani ya kuonyeshea wateja, iko duka moja Nairobi, jina kubwa, 65 mm, elfu 120, wanasema haijatumika. Ya mzee nimeiangalia pale barazani kwake nikaona safi kabisa. Nitajuaje kioo ni kizuri kweli? Sina uwezo wa kununua mara mbili."

Waaleikum salaam mdogo wangu. Wewe huna uwezo wa kununua mara mbili, na mimi niliwahi kununua mara mbili na najua inavyouma, kwa hivyo nitakujibu kwa urefu, nivumilie.

Pale barazani uliangalia kwa zumu ngapi? Manake karibu kila mtu akishikishwa skopu huiangalia kwa 20, na kwa 20 skopu karibu zote ni safi. Si lazima muuzaji awe anakuficha kitu, ni jicho lenyewe ndio haliwezi kuona kosa. Hesabu yake iko hivi, digrii moja ina dakika 60 na dakika moja ina sekunde 60, hizi za pembe si za saa. Lenzi ya 80 mm iliyo nzima yaweza kutenganisha vitu viwili vilivyoachana kwa kama sekunde 1.45, unapata hiyo kwa kugawa 116 kwa 80. Jicho la mtu wa kawaida linataka kama sekunde 60 ndio lijue hivi ni viwili. Sasa ukikuza mara 20 ile 1.45 inakuwa 29, jicho halijafika hapo, hata lenzi iwe imepoteza nusu ya ukali wake wewe waona sawa tu. Ukikuza mara 60 inakuwa 87, na hapo ndio jicho linaanza kuona kila lenzi inapokosea. Basi chochote nitakachokwambia hapa chini kifanye kwa 60, ila pale nitakapokutajia 20 mwenyewe, ukirudi 20 kwingine umepoteza wakati wako.

Skopu yangu ya kwanza ya maana ilikuwa demo pia, jina kubwa. Dukani niliangalia kwa 20 kupitia dirisha, nikaona maghorofa yanang'aa, nikalipa. Miezi miwili baadaye niko mdomo wa mto Sabaki asubuhi, maji yanatoka, na mgeni mmoja ana skopu aina ile ile, mfano ule ule, ukubwa ule ule. Mbele yetu kwenye tope walikuwa wale chekeamwezi wa mchanga wa aina mbili wanaotuchanganya sisi sote, mmoja amemzidi mwenzake mwili kidogo na mdomo wake ni mrefu zaidi, lakini tofauti yenyewe ni milimita chache. Kwa skopu ya mgeni niliuona mdomo mpaka ncha, na tone la maji linaning'inia pale. Kwa yangu, nikivuta 60, mdomo ulikuwa kama mstari wa moshi, nikizungusha fokasi huku moshi, nikirudisha kule moshi. Usiku ule tukazielekeza zote mbili kwenye nyota moja, ya kwake ikatoa duara, ya kwangu ikatoa pembetatu. Lenzi ya mbele ilikuwa imebanwa na pete yake, ama ilifungwa hivyo tangu mwanzo ama iliangushwa na mtu, mimi sikuwa na njia ya kujua. Kiwanda kimoja na skopu mbili kama mbingu na ardhi. Tangu siku hiyo mtu akinitajia jina la kampuni namwambia sawa, sasa nionyeshe hiyo yenyewe unayouza.

Kwa hivyo dawa kubwa ni nyota, na wewe Shela una giza zuri kuliko sisi hapa Malindi mjini. Mwombe huyo mzee skopu baada ya Isha, hata nusu saa, ukiwa naye pale pale kwake. Msimu huu wa kaskazi ile nyota Suheli anatoka upande wa kusini na kwenu anapanda mpaka karibu nusu ya mbingu, anatosha kabisa, yule yule wazee wetu wa majahazi waliyemtumia kushika njia. Usichukue nyota iliyo chini karibu na bahari, pale hewa ni nzito, itachezacheza na utasingizia lenzi bure. Funga skopu kwenye tripodi, na kama kuna upepo ning'iniza mfuko wa mchanga katikati ya miguu, weka 60, leta nyota katikati kabisa, iweke kwenye fokasi. Hapo inatakiwa iwe doa dogo, kama sindano imetoboa kitambaa. Ikikataa kuwa doa, ikawa kama nukta iliyomwagikiwa maji, ushapata jibu la kwanza.

Kisha zungusha fokasi polepole upande mmoja mpaka nyota ifunguke iwe kisahani chenye pete nne tano ndani yake. Tazama vizuri umbo lake. Rudi kwenye fokasi, pita, funguka upande wa pili kiasi kile kile, tazama tena. Skopu nzuri inakupa duara pande zote mbili, pete zimepangika kama za kitunguu ulichokikata katikati, na pande mbili zinafanana. Ukiona yai upande mmoja limelala, na upande wa pili yai limesimama, hiyo ni kasoro ya lenzi au prizimu, kile kioo cha ndani kinachogeuza picha isimame, na kwa 60 haitakupa picha kali hata siku moja. Pembetatu ndio ile yangu, lenzi imebanwa. Mwanga ukiegemea upande mmoja na kutoa mkia, lenzi zimekaa upogo, mara nyingi ni kuanguka. Mstari ukikata kisahani katikati, au nyota ikitoa mwiba pande mbili, tazama prizimu. Na pete zikiwa kali upande mmoja, upande wa pili ni ukungu mtupu, hiyo yaitwa kasoro ya mviringo, ipo kidogo karibu kwenye skopu zote, ikizidi ndio shida. Usitafute ukamilifu manake hata za bei kali sana zina kitu, unachopima ni kiasi.

Ukiona yai, kabla hujamlaumu mzee, zungusha kichwa chako, yaani lala upande huku jicho bado liko kwenye skopu. Yai likizunguka pamoja na kichwa, tatizo ni la jicho lako. Likibaki pale pale, ni la skopu. Watu wengi wameacha skopu nzuri kwa sababu ya jicho lao wenyewe na hawakujua.

Halafu Kilimia, lile kundi la nyota. Kwa 20 anaenea karibu kioo kizima, ukimweka katikati ona kama nyota za pembeni ni nukta au zimekuwa na mabawa. Hiki ni kimoja cha vipimo viwili tu ninavyofanya kwa 20, cha pili kiko mbele. Pembeni pakilegea kidogo mimi sijali sana, ndege unamweka katikati, lakini upande mmoja ukiwa mkali na wa pili umelegea, hapo kuna kitu kimehama ndani.

Na mchana je? Tafuta gololi ya chuma, ile ya beringi, mafundi wa injini za boti wanazo. Iweke juu ya kitambaa cheusi mita 40 hivi, jua liwe nyuma yako, na kile kimeta kidogo kwenye gololi ndio nyota yako ya mchana. Vikombe vya nguzo za umeme navyo vinafaa, jua likipiga utaona kimeta. Yote niliyosema juu ya nyota yanafanya kazi pale pale.

Kitu kingine kinachosema ukweli haraka ni vile fokasi inavyofika. Tafuta maandishi madogo, jina la mashua ubavuni au noti ya shilingi uliyoibandika ukutani mita 20 kutoka ulipo, ile mistari yake myembamba. Kwa umbali huo lenzi ya 80 iliyo sawa yatenganisha mistari iliyoachana kama 0.14 mm, kwa hivyo noti ni mtihani wa kweli. Zungusha fokasi: skopu nzuri inafika mahali pamoja tu, tap, ukipita kidogo umeharibu, ukirudi umepata. Mbovu inakufanya utafute, unakwenda mbele unarudi nyuma, kila mahali ni karibu sawa lakini hapana pa kutulia. Mkono wako utajua kabla ya akili. Ukifika hapo fanya mara kumi, na uone kama kila mara unasimama mahali pale pale.

Rangi ipime kwa kunguru. Hao hawakosekani kwenu wala kwetu, ngoja akae juu ya antena au ncha ya mnara, nyuma yake mbingu nyeupe. Kwa 60 tazama ukingo wa mgongo wake: ukiwa na uzi wa zambarau upande mmoja na kijani upande wa pili, lenzi inapasua rangi. Lakini hakikisha jicho lako liko katikati kabisa na kunguru yuko katikati, manake ukiegemea kidogo tu hata skopu nzuri itatoa rangi. Kama katikati kabisa bado amevaa zambarau, basi hiyo yaelekea ni lenzi ya kioo cha kawaida, si kile kioo maalumu cha ED wala fluoriti kinachopunguza kupasua rangi, na wewe utakayetazama ndege weusi na weupe juu ya mchanga mweupe, kama wale wanaokula kaa pale maji yanapotoka, utaichoka mapema. Wengine hawaisumbukii, mimi inanisumbua.

Wakati wa kufanya haya yote ni asubuhi kabla ya saa mbili, au jioni jua likipoa. Saa sita mchana juu ya mchanga mazigazi yanachemka na skopu ya milioni itaonekana takataka, hata mimi mchana sipiti 30. Na skopu ikitoka chumba cha kipupwe iache nje nusu saa kwanza, la sivyo lenzi itatoka jasho na hewa ya ndani itakuwa inachezacheza.

Sasa mwili wake. Kwa huyo mzee wako mimi hofu yangu kubwa ni koga, zaidi ya kuanguka. Nyumba ya pwani, milango wazi, skopu ndani ya begi la turubai miaka mitatu, unyevu wa bahari, koga inaota ndani kabisa mahali kitambaa hakifiki. Ingia chumba chenye giza, washa tochi ya simu, iangaze lenzi kubwa ya mbele kwa mshazari na utazame kutoka mbele, kisha iangaze kutoka mbele na wewe utazame kwa nyuma ukiwa umekaa mbali kidogo na lenzi ya jicho. Koga ni kama utando wa buibui mdogo, ina vimizizi vinavyotambaa kutoka ukingoni kwenda katikati. Ukiiona ndani iache, hata akishusha bei nusu, inakula ile rangi nyembamba iliyopakwa kwenye lenzi na ikisafishwa alama yaweza kubaki. Ukungu sawasawa kama kioo kimepuliziwa pumzi nao ni mbaya, mara nyingi mpira wa kuzuia maji umeshindwa na ile hewa kavu ya nitrojeni, kama ilijazwa kiwandani, ishatoka. Rangi za upinde wa mvua pembezoni mwa lenzi, ndani, yaani gundi inayoshikanisha vioo viwili imeanza kuachia.

Vumbi mbili tatu ndani, achana nalo. Mkwaruzo mdogo kwenye lenzi ya mbele nao usikukoseshe usingizi, mwanga unaingia kwa 80 mm nzima na mkwaruzo ni kitu kidogo pale. Lakini lenzi ya jicho ni habari nyingine! Kwa 60 ule mwali unaotoka kuja jichoni una upana wa 1.3 mm tu (80 gawa kwa 60), kwa hivyo mkwaruzo wa nywele pale unaziba sehemu kubwa zaidi ya mwanga kuliko ukiwa mbele. Wauzaji wengi hupangusa mbele ing'ae na kusahau nyuma, ambako ndiko kope na jasho na chumvi vimekaa miaka.

Ukiwa nayo hapo, iweke 20, ielekeze kwenye ukuta mweupe wenye mwanga, rudisha kichwa nyuma kama futi moja, utaona kisahani cha mwanga kinaelea kwenye lenzi ya jicho. Kiwe duara kamili na king'ae sawa kote, kipimo chake kiwe 4 mm hivi kwa skopu ya 80. Kikiwa kimekatwa upande, prizimu imehama. Kikiwa duara lakini ni 3 mm, basi kuna kitu ndani kinaziba na hiyo 80 iliyoandikwa ubavuni ni ya maandishi tu, za bei rahisi zina tabia hiyo. Kisha zungusha fokasi mwanzo mpaka mwisho na usikilize, ukisikia mchanga unasaga si dalili nzuri. Geuza mzunguko ghafla, picha ikiruka upande kuna kitu kimelegea. Tazama mdomo wa lenzi ya mbele kama una bonde, na mguu unaoingia kwenye tripodi kama una ufa. Namba ya kiwanda (serial) iwepo, ikiwa imekwaruzwa usiguse.

Ile ya Nairobi. Wakikwambia haijatumika waulize imekaa wapi. Demo ni skopu iliyoshikwa na mikono mia, imepelekwa maonyesho, imesimama juani dirishani, na wakati mwingine ni ile mteja aliirudisha, na kama aliirudisha alikuwa na sababu. Si vibaya kununua demo, nyingine ni bahati nzuri kabisa, lakini usitume pesa na usikubali kuitazama kupitia kioo cha dirisha kama nilivyofanya mimi. Kioo cha dirisha hakikutengenezwa kutazamiwa, kwa 60 kitaharibu picha ya skopu yoyote duniani na muuzaji atakwambia, kwa haki yake, kuwa kosa ni la dirisha. Wakubali muitoe nje, barabarani au juu ya paa, na kama wanayo ya pili ya aina ile ile mziweke pamoja mtazame kitu kimoja. Hakuna kipimo kinachoshinda mbili kando kwa kando. Kama huna mtu wa kukufanyia hivyo Nairobi mimi ningeiacha, hata kwa bei hiyo.

Kati ya 80 na 65, kwa kazi yako ya alfajiri na magharibi 80 ina faida, kwa 60 ile 65 inakupa mwali wa 1.1 mm tu na picha inaingia giza. Lakini 65 iliyo kali inaishinda 80 iliyochoka, hilo sina shaka nalo, na kubeba kwenye mashua utashukuru udogo wake. Na hapa nikukumbushe, ndani ya mashua yenyewe skopu haifanyi kazi, hata bahari iwe shwari kama mafuta kwa 20 utaona kizunguzungu. Humo tumia darubini ya macho mawili, skopu ni ya pale mnaposhuka kwenye fungu la mchanga na kusimamisha tripodi. Wape wageni wako habari hiyo mapema wasije wakakasirika. Kama unavaa miwani jaribu ukiwa umeivaa, uone kama duara zima la picha unalipata au unaona tundu la ufunguo, hilo mtu mwingine hawezi kukupimia.

Ukinisikiliza mimi, anza na ya mzee, iko karibu, na mwenyewe yupo wa kuulizwa. Muulize aliiangusha lini na aliiweka wapi wakati wa kusi, mwenye skopu nzuri hujibu bila kufikiri. Chumba cha giza na tochi kwanza, manake ikiwa na koga hamna haja ya kungoja usiku. Ikipita hapo, kesho yake alfajiri kunguru na noti, na baada ya Isha Suheli. Tazama kisahani ndani ya fokasi na nje ya fokasi, uvichore vyote viwili kwenye karatasi kama ulivyoviona, hata kama mkono si wa mchoraji, unitumie hiyo picha kabla hujahesabu pesa.